Mkono Kabla ya Mashine

Chukua karatasi mbili zilizofika pamoja kwenye meza ya daktari. Ya kwanza ni majibu ya maabara: potasiamu ya mgonjwa ni 7.2, wakati kiwango cha kawaida hakizidi sana 5. Mwenye potasiamu ya namna hiyo, moyo wake unaweza kusimama wakati wowote. Ya pili ni ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na michoro yake imetulia. Halionekani lile wimbi la T lililochongoka juu kama kilele cha msonge wa Kihaya, ambalo daktari hulitafuta mapema potasiamu inapopanda. ECG tulivu haimwondolei mtu hatari, maana wapo ambao potasiamu yao hupanda na mchoro usibadilike, kwa hiyo daktari makini ataagiza damu ichukuliwe tena upesi. Majibu ya pili yakirudi 4.3, huenda mgonjwa hakuwa na tatizo la potasiamu tangu mwanzo. Huenda mpira ulikaa mkononi mwake muda mrefu, au aliambiwa akunje na kukunjua ngumi mara kumi, au damu ilivutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba hata chembe nyekundu zikapasuka na kumwaga potasiamu iliyokuwa ndani yake. Au mchukuaji alijaza kwanza kichupa cha kifuniko cha zambarau, ambacho dawa yake ya kuzuia damu isigande ni chumvi ya potasiamu, kisha akakumbuka cha biokemia, akamimina kutoka hiki kwenda kile. Wachunguzi wa makosa ya maabara katika nchi nyingi wamekuta kwamba zaidi ya nusu ya makosa hutokea kabla sampuli haijagusa mashine. Hoja yangu inaanzia hapo: kuchukua damu na kupima ECG ni kazi ya ustadi wa mkono, na ustadi huo unapaswa kufundishwa kwa mazoezi yanayohesabiwa mbele ya msimamizi. Kumwacha mtu ajifunze mwenyewe kazini kunagharimu kuliko tunavyodhani.

Kijana wa Hamugembe, mjini Bukoba, aliyemaliza kidato cha nne, mwenye simu na bando, akitafuta kozi ya afya isiyochukua muda atakutana na matangazo ya kozi za Marekani za kuchukua damu na kupima ECG, za wiki au miezi michache, zenye cheti mwishoni. Kule ni ajira kamili. California, moja ya majimbo machache yanayodai leseni kwa kazi hiyo, inamtaka mwanafunzi asiye na uzoefu asome darasani saa 40, afanye vitendo saa nyingine 40, achome mishipa mara 50 na vidole mara 10 chini ya usimamizi kabla ya kukaa kwenye mtihani. Tanzania haina kada ya namna hiyo. Huku damu huchukuliwa na muuguzi, mtaalamu wa maabara, tabibu au daktari, na kila mmoja ana baraza lake. Wa maabara wanasimamiwa kwa sheria ya mwaka 2007 inayowataka wasajiliwe ndipo wafanye kazi. ECG nayo hupimwa na muuguzi au tabibu aliyeelekezwa. Kwa hiyo mwenye cheti cha miezi mitatu cha kuchukua damu peke yake hana mlango wa usajili wa kugonga, hata kama mkono wake ni mwepesi. Njia inayofika ni ya chuo kilichosajiliwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi: miaka 3 ya stashahada ya maabara au ya uuguzi, baada ya kufaulu kidato cha nne kukiwamo kemia na baiolojia. Kwa mtu wa Kagera vyuo vya uuguzi vipo jirani, Ndolage na Rubya, vyote wilayani Muleba. Anayetaka maabara anaweza kuvuka ziwa hadi Bugando, Mwanza.

Ni kitu gani hasa cha kufundishwa, wakati wengi huona ni kuchoma tu? Tuanze na jina, kabla ya sindano. Mama mzee ameketi kwenye benchi, anaitwa: «Adventina!» Anainuka. Anaulizwa, «Mama, wewe ndiye Adventina?» Anajibu «Ndiyo, mwanangu», na ni kweli, lakini kwenye benchi lile wapo akina Adventina wawili, na wa pili hasikii vizuri. Tena mzee wa heshima huweza kuitikia «ndiyo» kwa sababu tu hapendi kumbishia mtumishi. Swali linalofaa linamwachia mgonjwa kazi ya kusema: «Shikamoo mama, nitajie majina yako yote matatu na mwaka uliozaliwa.» Kisha mpira unafungwa kama vidole vinne juu ya mahali pa kuchoma, mshipa unatafutwa kwa ncha ya kidole kuliko kwa macho, ngozi inapanguswa kwa spiriti na kuachwa ikauke kama sekunde 30. Hapo kwenye kukauka ndipo subira inapowashinda wengi. Spiriti mbichi inamwasha mgonjwa, inaweza kupasua chembe za damu, na haijamaliza kazi ya kuua vijidudu. Mpira ukizidi dakika moja mkononi, maji ya damu huanza kusukumwa nje ya mshipa na vipimo vingine hupanda bila sababu ya ugonjwa. Vichupa vina zamu yake: vya kuotesha vijidudu kwanza, kisha cha bluu, kisha chekundu au cha njano, kisha cha kijani, cha zambarau, na cha kijivu mwisho. Cha bluu lazima kijae hadi alama, kwani damu na dawa iliyomo vimepangwa kwa uwiano wa tisa kwa moja. Vyenye dawa vinapinduliwa polepole, vingi mara nane hadi kumi. Anayevitikisa kama anachanganya dawa ya kikohozi ameiharibu damu aliyoipata kwa shida. Jina linaandikwa kwenye kichupa pale pale mbele ya mgonjwa, vichupa vitano visije vikafika mezani vikiwa havina mwenyewe.

ECG haimwagi damu, na pengine ndiyo maana inadharauliwa zaidi. Willem Einthoven, Mholanzi wa Leiden aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hii, aliwaloweka wagonjwa wake mikono miwili na mguu wa kushoto kwenye ndoo za maji ya chumvi. Leo tunabandika vibandiko kumi na kupata michoro kumi na miwili, ila sharti la zamani liko pale pale, kila kiungo kiwe kwenye ndoo yake. Nyaya za mikono zikibadilishana, mchoro wa kwanza hupinduka juu chini, na asiyeshtuka anaweza kudhani moyo wa mgonjwa uko upande wa kulia. Hapa kuna mtego ambao hospitali zinazopokea mashine za msaada zinapaswa kuujua kwa jina. Kwa mpangilio wa rangi unaotumika Ulaya, waya mwekundu ni wa mkono wa kulia na mweusi ni wa mguu wa kulia. Kwa mpangilio wa Marekani, mwekundu ni wa mguu wa kushoto na mweusi ni wa mkono wa kushoto. Muuguzi aliyekariri rangi badala ya kusoma herufi zilizoandikwa kwenye waya atakosea siku mashine inapobadilishwa, na atakosea kwa kujiamini. Vibandiko vya kifuani vinataka mbavu zihesabiwe: unapapasa kifundo kilicho juu ya mfupa wa kidari, pembeni yake ni ubavu wa pili, unashuka hadi nafasi ya nne kati ya mbavu, na hapo, kulia na kushoto mwa mfupa, ndipo vikae viwili vya kwanza. Kosa linalojirudia ni kuviweka juu mno, na mchoro ukaigiza alama za kovu la shambulio la moyo la zamani. Kwa mwanamke kibandiko cha nne kinakwenda chini ya titi, kwenye nafasi ya tano. Hilo linadai pazia, maelezo, na kanga ya kumfunika. Palipo na haya bila pazia kibandiko huishia palipo rahisi kufika. Mgonjwa anayetetemeka kwa baridi ya asubuhi naye huchora mawimbi ya misuli yake juu ya yale ya moyo.

Kagera ina sababu zake za kulipa jambo hili uzito. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa nchini waligunduliwa Ndolage mwaka 1983, na tangu hapo kichupa cha damu mkoani humu kimeshikwa kwa tahadhari. Machi 2023 virusi vya Marburg vilithibitishwa Bukoba Vijijini; hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha Juni 2, walikuwa wameugua watu 9 na kufariki 6, na watumishi wa afya walikuwa miongoni mwa waliougua. Januari 2025 ukatangazwa mwingine, Biharamulo. Sindano iliyotoka kwa mwenye Marburg ni jambo moja. Hata siku za kawaida, anayejichoma kwa sindano ya mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa ana hatari ya kuambukizwa ya karibu watu 3 kwa kila 1,000, na kwa homa ya ini B, kama hakuchanjwa, hatari hiyo inaweza kufika 300 kwa 1,000. Ajali nyingi za aina hii hutokea baada ya damu kupatikana, mtu anaporudishia kifuniko kwenye sindano au anapoinuka kutafuta boksi la ncha kali lililoachwa upande wa pili wa chumba. Kuliweka boksi mahali mkono unapofika kabla ya kuanza ni tabia, na tabia haiji kwa kusomewa maelezo. Ni vema pia mwanafunzi ajue mapema kwamba dawa za kinga baada ya kujichoma zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na hutumiwa siku 28.

Atakayepinga kwanza atasema haya yote yamo tayari kwenye mitaala. Ni kweli yamo. Lakini sahihi ya msimamizi kwenye daftari la mazoezi inaonyesha kwamba tendo lilifanyika. Haionyeshi lilifanywa mara ngapi, kwa mgonjwa wa aina gani, wala sampuli ilikubaliwa au ilikataliwa maabara. Mwanafunzi aliyechoma vijana watano wenye mishipa minene anapata karatasi ileile na aliyechoma watoto, wazee na waliopungukiwa maji. Kuhesabu ni rahisi kiasi cha kushangaza: maabara huandika sampuli inazozikataa, na ikiongezwa safu moja ya nani aliichukua, mwisho wa mwezi mwalimu anajua mkono upi urudi kwenye mkono wa plastiki wa kujifunzia.

Mwingine atauliza, kama ni ustadi wa pekee, kwa nini tusianzishe kada kama ya Marekani, vijana wa mjini wapate kazi haraka? Hili lina nguvu kuliko linavyoonekana, na sitaki kulipuuza. Mchukuaji damu anayefanya kazi hiyo tu ana maana pale mamia ya wagonjwa wanapopita dirisha moja kila asubuhi. Hospitali kubwa za rufaa zinaweza kunufaika naye. Zahanati ya Muleba yenye watumishi wawili au watatu haiwezi kumweka mtu ambaye, mjamzito akianza uchungu saa nane usiku, atasema hiyo si kada yake. Ningependelea mafunzo haya yawe nyongeza juu ya uuguzi na maabara, yenye idadi na mtihani wa vitendo, na kijana aliyemaliza awe na nguvu ya ziada kwenye barua yake ya maombi. Anayemtoza mzazi ada ya kozi fupi bila kumweleza habari ya usajili, mimi naona amemuuzia karatasi.

Kuhusu wale wanaosema mashine za sasa zinasoma ECG zenyewe na kuchapa maelezo juu ya karatasi: zinasoma zilichopewa. Waya ukiwa mkono usio wake, mashine itachapa jina la ugonjwa kwa herufi safi kabisa, na tabibu aliyechoka ataliandika kwenye faili. Hata mtaalamu wa moyo aliyeko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, akitumiwa picha ya mchoro kwa simu, hana namna ya kuona vibandiko vilikaa wapi.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la muda. Wauguzi ni wachache, na kumsimamia mwanafunzi mishipa 50 ni saa nyingi kwa mtu ambaye tayari ana wodi mbili. Sina jibu lisilo na gharama. Ila gharama ya kutosimamia nayo ihesabiwe, na Muleba ina mahali pazuri pa kuihesabia: visiwani. Damu ya kupima sukari ikichukuliwa Bumbire asubuhi kwenye kichupa chekundu na kusubiri boti, chembe zilizomo huendelea kula sukari hiyo, kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa. Baada ya saa nne mwenye kisukari anaweza kuonekana mzima. Kichupa cha kijivu kina dawa ya kuzizuia. Aliyefundishwa anakichagua bila kuwaza, akikikosa anapima papo hapo kwa tone la kidole na kuandika saa. Asiyefundishwa atasubiri boti, maabara ya bara itaikataa sampuli au, vibaya zaidi, itaipokea, na mvuvi aliyelipa nauli ya boti ataitwa tena wiki ijayo, au hataitwa kabisa.