Goti jipya, choo cha zamani

Je, msomaji, nyumbani kwenu mna choo cha aina gani? Usicheke. Ikiwa nyanyako amepangiwa kubadilishwa goti au nyonga, swali hilo ni zito kama la gharama, na aghalabu hakuna anayeliuliza mpaka mgonjwa arudishwe nyumbani kwa magongo mawili.

Tuseme familia yenu, kama nyingi, ina makao mawili. Vijana wamepanga orofa ya tatu huko Kitengela, katika jengo lisilo na lifti. Wazee wako nje ya mji wa Kajiado, na huko kuna choo cha shimo na vile vigoda vya jikoni. Nyanya ameumwa na goti miaka mingi. Gegedu limekwisha, mfupa wasaga mfupa, na usiku hapati usingizi. Mnachanga, anapelekwa Nairobi au hospitali za misheni za Kikuyu na Kijabe, anapasuliwa. Sasa atarudi wapi, kwenye ngazi au kwenye kigoda?

Kwanza habari njema. Kazi hii si ya kubahatisha. Daktari Mwingereza John Charnley alipoanza kubadilisha nyonga kwa kutumia plastiki ya Teflon, ililika haraka na wagonjwa wakalazimika kupasuliwa upya. Mwaka 1962 akageukia plastiki ngumu zaidi, na ndiyo asili ya viungo vinavyotumika hadi leo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet, uliotegemea kumbukumbu za nchi tajiri, ulionyesha kwamba magoti bandia 82 hivi kati ya 100, na nyonga 58 kati ya 100, hudumu miaka 25.

Lakini kudumu ni jambo moja na kuridhika ni jingine. Kwa upande wa goti, mgonjwa 1 hivi kati ya 5 husema hakupata alichotarajia. Maumivu mengi huisha, ila goti jipya halikunjiki kama la kuzaliwa. Kutembea, kupanda ngazi polepole, kuketi kanisani, hayo yote yawezekana. Kuchuchumaa kabisa juu ya shimo ni shida. Nyonga nayo ina hatari yake: katika wiki za mwanzo, mgonjwa akiketi chini sana au akiinama kuokota kitu, yaweza kuteguka na kutoka mahali pake. Kigoda kile cha jikoni, ambacho nyanya amekikalia tangu aolewe, sasa ni adui.

Kinachotisha madaktari zaidi ni viini. Huwapata wagonjwa wachache, 1 au 2 hivi kati ya 100, lakini vikishanata kwenye chuma ni vigumu kuving'oa. Vikigunduliwa mapema, daktari huweza kufungua, kuosha na kubadilisha kipande cha plastiki. Vikichelewa, kiungo chote huenda kikatolewa, mgonjwa akae wiki kadhaa akitibiwa, kisha awekewe kingine. Kwa hiyo kidonda kikitoa majimaji, kikawa chekundu, au homa ikipanda, msikimbilie duka la dawa lililo karibu na steji kununua vidonge vya kuua viini. Vidonge hivyo huweza kuficha kiini kabla hakijapimwa, na hapo mnapoteza siku ambazo zingeokoa goti. Mrudisheni kwa aliyempasua, hata kama Kajiado ni kilomita 80 hivi kutoka Nairobi na nauli imepanda.

Hatari nyingine ni damu kuganda mguuni. Muundi ukivimba na kuuma, au mgonjwa akianza kukosa pumzi ghafla, hilo si la kungoja asubuhi: donge la damu huenda limefika mapafuni. Ndiyo maana hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda na kuamshwa atembee mapema, hata kama anakasirika. (Na nyanya wengi hukasirika. Mwache akasirike, mradi atembee.)

Mwenye kisukari ahakikishe sukari imetulia kabla ya upasuaji, meno mabovu yatibiwe, na sigara iachwe. Kuhusu fedha, ulizeni SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, italipa kiasi gani, na mwombe hospitali iwaandikie bei ya kiungo chenyewe kando.

Kisha mwiteni seremala. Mwambieni atengeneze kiti imara chenye mikono na tundu katikati, kiwekwe juu ya shimo la choo, kirefu kiasi kwamba nyanya akiketi nyonga zake ziwe juu kuliko magoti. Apimwe yeye mwenyewe, na apimwe kabla ya kulazwa, si jioni ile gari linapoingia langoni.