Siku 38 juu ya bahari: familia iliyouza shamba ili iishi ndani ya jahazi

Tarehe 23 Julai 1972, wavuvi wa Japani waliokuwa njiani kuelekea mfereji wa Panama waliona kamashua kadogo katikati ya bahari ya Pasifiki. Ndani yake, fasi ya urefu wa metre kama 3 tu, kulikuwa watu sita, wamekonda na ngozi zao zimejaa vidonda vya maji ya chumvi. Wote sita walikuwa hai.

Watano kati yao walikuwa wa familia moja ya Uingereza, familia Robertson. Baba, Dougal, alikuwa baharia wa zamani aliyegeuka mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Bibi yake, Lyn, alikuwa muuguzi. Siku moja walisikia kwenye redio habari za mashindano ya kuzunguka dunia kwa matanga, na mmoja wa watoto wao mapacha akauliza kwa nini wao pia wasiende. Wazazi walilichukua ulizo hilo kwa uzito. Waliuza shamba, wakanunua jahazi la zamani lenye kuitwa Lucette, na Januari 1971 wakaondoka muji wa Falmouth pamoja na watoto wao wanne. Waliona kwamba dunia yenyewe ingekuwa masomo kwa watoto.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja jahazi ndilo lilikuwa nyumba yao. Binti yao mkubwa alibaki katika visiwa vya Bahamas. Panama, kijana mwanafunzi, Robin Williams, akaungana nao.

Asubuhi ya tarehe 15 Juni 1972, walipokuwa wamekwisha kupita visiwa vya Galápagos kwa kilometre zaidi ya 300, nyangumi wauaji waligonga jahazi kutoka chini. Mbao zilipasuka, na kwa dakika chache Lucette ikazama. Walijikuta na mashua ndogo, boya la mpira lenye kujazwa hewa, kisu, vitunguu, machungwa na malimau machache, kikapu cha ushonaji cha mama, na maji ya siku kama kumi tu. Redio hawakuwa nayo, na hakuna mtu aliyejua kwamba wamezama.

Siku ya saba meli ilipita karibu. Dougal aliwasha fataki za kuita msaada, lakini meli ikaendelea na safari yake. Pale ndipo alikata shauri: hawatangoja tena kuokolewa. Watajitafutia chakula, na kwa tanga walilolitengeneza wenyewe watafika inchi kavu.

Alijua kwamba kurudi Galápagos hakuwezekani, sababu upepo na mkondo wa maji vilikuwa kinyume nao. Basi alielekeza safari kaskazini, kwenye eneo lenye mvua nyingi, akitumainia mkondo mwingine uwapeleke mashariki, upande wa Amerika ya Kati.

Waliishi kwa kasa, ndio kobe wa baharini. Nyama waliianika juani, na mvua ilipokosekana walikunywa damu. Mafuta yake walijipaka kwenye ngozi. Maji machafu yasiyoweza kunywewa, Lyn aliyaingiza ndani ya miili yao kwa njia ya haja kubwa, ili yasipotee bure. Baada ya zaidi ya majuma mawili boya liliharibika, wote wakahamia ndani ya mashua. Tangu siku ile, mtu mmoja akihama fasi yake bila kuwaambia wengine, mashua ingeweza kupinduka. Usiku na mchana walipokezana kuchota maji yaliyoingia.

Walipookolewa, walikuwa wamebakiza kilometre zaidi ya 400 kufika pwani ya Amerika ya Kati.

Mwaka 1973 Dougal alitoa kitabu juu ya safari hiyo. Kisha akaandika kingine, cha kufundisha namna ya kuishi baharini kisha ajali. Mwaka 1982, Mmarekani Steven Callahan alipozamiwa na mashua yake katika bahari ya Atlantiki, kitabu hicho cha mafunzo kilikuwa pamoja naye ndani ya boya. Alikaa siku 76 peke yake, akaokoka.

Kamashua ka familia Robertson kanahifadhiwa leo katika jumba la makumbusho la bahari, mule mule Falmouth walikoanzia safari.