Mtihani wa stima ni jioni

Treni ya SGR inayopita Miasenyi, Taita Taveta, tangu 2017 inavutwa na dizeli. Stima ya maduka ya hapo kando ya barabara ya Mombasa ina asili nyingine kabisa: takribani asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya hutokana na vyanzo kama mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana na jua. Kwa hiyo mafuta yakiadimika duniani, kwa upande wa stima tutabanwa hasa katika saa chache za siku.

Saa zenyewe ni kuanzia saa moja hadi saa nne usiku. Watu wamerudi nyumbani, taa, televisheni na pasi zinatumika kwa pamoja. Jua limeshazama, na paneli za Weru kule Malindi, za megawati 52, hazitoi kitu. Olkaria nako ni mbali na pwani. Umeme ukisafiri mamia ya kilomita, volteji hushuka njiani, na aliye mwisho wa laini huona balbu ikififia na kusikia friji ikinguruma bila kupoza. Hapo ndipo mitambo ya mafuta mazito ya pwani, kama Kipevu III yenye megawati 120 na Rabai yenye 90, inapohitajika: iko karibu na mtumiaji, na huishikilia volteji isianguke. Gharama yake tunaigawana nchi nzima. Tazama risiti ya tokeni, utaona tozo ya mafuta imeandikwa peke yake.

Linaloniuma ni kwamba usiku wa manane, matumizi yakishuka, sehemu ya mvuke wa Olkaria huachiwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Kama betri kubwa zingefungwa kwenye vituo vya umeme vya pwani, zingejazwa saa hizo, na mchana wa jua kali, kisha zikatoa umeme jioni na kutuliza volteji pia. Kuhusu treni, Tanzania ilianza kuendesha ya umeme 2024, nasi tunapaswa kufuata. Lakini bila hifadhi, treni hiyo itaongeza mzigo wa jioni, na Kipevu itaendelea kunguruma.

Taita Taveta ina jua na ardhi tambarare, na wenye miradi ya sola wanaijua. Mwekezaji akija kuomba eneo Miasenyi, wazee na wakurugenzi wa ranchi wamuulize kwanza: betri ziko wapi, na zitatoa umeme saa ngapi baada ya jua kuzama?