Pamba ya Misungwi

Huko Ukiriguru, wilayani Misungwi, watafiti wamekuwa wakishughulika na pamba tangu miaka ya 1930, na mbegu zao zimebeba herufi za mahali hapo: UK 82, UK 91, UKM 08. Kijana wa mjini anaposema fulani "kapiga pamba", hana habari na mbegu; anamaanisha jamaa kavaa kapendeza. Na pamba aliyoipiga huyo jamaa, mara nyingi, ni mtumba.

Siku ya gulio muuzaji hutandika turubai, akakata kamba za belo, nguo zikamwagika. Mteja huitwa "ngosha", yaani mwanaume kwa Kisukuma, na salamu hutangulia bei: mwangaluka asubuhi, mwadila jua likipinda. Ngosha hajafuata fasheni. Huvuta mshono, huingiza mkono mifukoni, hukagua magoti ya kadeti kama yatastahimili palizi. Kiuno kikizidi, fundi cherehani hayuko mbali. Shati la mikono mirefu litamkinga na jua, na koti zito lililoshonwa kwa ajili ya theluji hupata kazi alfajiri, juu ya bodaboda.

Zamani nguo hizi ziliitwa kafa Ulaya, kana kwamba mwenyewe kazikwa jana. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ikamiminika na aibu ikapungua. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua ili viwanda vya ndani vipumue. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Tanzania ikarudi nyuma, Rwanda ikakaza, na 2018 nguo zake zikapoteza nafuu hiyo. Wakati huohuo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa nyuzi tu. Nani ajuaye kama shati lililoshuka gulioni halikuchipukia Usukumani?

Kadeti hiyohiyo ndiyo huingia shamba darasa.

Utaratibu huu ulianzia mashamba ya mpunga ya Indonesia mwaka 1989: kundi moja, kipande kimoja cha ardhi, mbegu mbalimbali bega kwa bega, na wakulima wenyewe wakihesabu, wakifukua, wakibishana. Kwa Wasukuma kulima kwa kundi si jambo geni. Bugobogobo, ngoma ya majembe ya chama cha wachezaji cha Bagalu, imetokana na kazi ya namna hiyo. Kwenye mihogo somo ni magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Kwenye viazi vitamu ni marando safi, kama yale yaliyosambazwa Kanda ya Ziwa na mradi wa Marando Bora kati ya 2009 na 2012, yakiwemo ya viazi lishe vya rangi ya chungwa, Kabode na Ejumula.

Ila mtihani wenyewe uko chunguni. Kiazi huchemshwa, kikaonjwa, na chenye majimaji hukataliwa hata kisifiwe vitamini A vipi. Akina mama huuliza kingine: kitatoa michembe, vipande vinavyoanikwa vibichi? Na matobolwa, yanayochemshwa kwanza?

Kilichoshinda hugawanywa. Kila mmoja huondoka na fungu la marando ndani ya gunia bichi au, gunia likikosekana, ndani ya lile shati ambalo fundi alishakataa kulishona tena.