Kompyuta Ikijiandikia Programu, Mirathi Ahakiki Nani?

Siku hizi darsa ikimalizika na vijana wakashuka Forodhani, hukosi kusikia habari za akili mnemba inayoandika programu za kompyuta. Wengine huuliza: basi kuna haja gani ya kuisomea fani hiyo?

Programu ni maagizo, hatua baada ya hatua, ambayo kompyuta huyafuata. Mwaka 2021 kampuni ya GitHub ilitoa Copilot, chombo kinachommalizia mwandishi maagizo yake. Leo mambo yamefika mbali zaidi. Unaeleza unachotaka kwa maneno ya kawaida, hata kwa Kiswahili, nacho chombo kinaandika, kinajaribu na kurekebisha kosa chenyewe. Kimejifunza kutokana na programu nyingi mno zilizoandikwa na watu.

Sasa tuseme kijana ameagiza programu ya kugawa mirathi. Anaijaribu: marehemu ameacha mke na mtoto wa kiume. Mke thumni, mtoto kilichobaki. Sahihi! Anaisambaza kwenye simu za jamaa.

Wiki ya pili inakuja familia nyingine: mke, mabinti wawili, baba na mama, na mali ni shilingi 27,000,000. Programu inampa mke 1/8, yaani 3,375,000. Mabinti 2/3, yaani 18,000,000. Baba na mama 1/6 kila mmoja, yaani 4,500,000. Jumlisheni. Ni 30,375,000! Fedha hizo hazipo. Na programu haikuonesha kosa lolote, kwani ilifuata ilivyoagizwa. Wa mwisho kwenda kuchukua fungu lake, pengine yule mama mzee, ndiye atakayekuta pungufu.

Waliosoma faraidh wameshaitambua. Hii ni Mimbariyya, masala ambayo inasimuliwa kuwa Sayyidna Ali (r.a.) aliijibu akiwa juu ya mimbari. Asili yake ni 24, mafungu yanafika 27, kwa hiyo inaingia aul na thumni ya mke inakuwa tusui: 3,000,000. Mabinti 16,000,000, baba 4,000,000, mama 4,000,000. Hakuna ziada wala upungufu.

Kijana wetu hakukosea kuitumia akili mnemba. Alikosa swali la kuijaribia, na swali lile halipatikani ila kwa aliyekaa mbele ya maalim. (Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algoridhimu, katika kitabu chake cha al-jabr aliweka sehemu kubwa ya hesabu za wasia na mirathi. Fani hizi mbili ni jamaa wa zamani.)

Marekebisho yenyewe ni agizo moja tu: mafungu yakizidi asili, jumla ya mafungu ndiyo iwe asili mpya. Ukiiambia akili mnemba hivyo, itaandika papo hapo. Kisha ijaribuni tena kwa mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, ambapo 6 inakuwa 7.