Antena, homa na mtoto aliye tumboni

Mjini Goma minara ya simu imesimama katikati ya nyumba za watu. Mama mjamzito anayelala karibu na mnara ana haki ya kuuliza kama mawimbi yale yanamfikia mtoto wake, na anastahili jibu lenye vipimo.

Mawimbi ya simu ni ya jamii ya maikrowevu. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi kama eksirei. Kazi yake inayojulikana vizuri ni kupasha joto: hutikisa molekuli za maji mwilini, na mtikisiko huo hugeuka joto. Kwa hiyo watafiti wa wanyama hupima nishati inayoingia mwilini na joto linalotokea.

Miaka ya 1980, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, iliwaweka panya wenye mimba kwenye mawimbi ya redio ya megahezi 27.12, kipimajoto kikiwa ndani ya njia ya haja kubwa. Joto lao lilipopita nyuzi 41.5, baadhi ya vijusi vilikufa na vingine vikapata kasoro za maumbile. Watafiti walipotumia megahezi 100 kwa kiwango kisichopandisha joto, madhara hayo hawakuyaona.

Mwaka 2023, mapitio yaliyofanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani yalikusanya majaribio mengi ya namna hiyo. Idadi ya watoto katika mzao mmoja haikupungua, ila uzito wa vijusi ulishuka kidogo. Mengi ya majaribio hayo yalitumia nishati kubwa kuliko inayoruhusiwa kwa watu. Tena panya ni mdogo, mawimbi humwingia mwili mzima. Kwa mwanamke hudhoofika kabla ya kufika ndani sana.

Mawimbi yakiingiza wati 4 kwa kila kilo ya mwili, hupandisha joto lake kwa takriban nyuzi 1. Tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, ICNIRP, imeweka kikomo cha raia kuwa wati 0.08 kwa kilo, yaani mara 50 chini yake. Mtu wa Goma anayejua mazuku, yaani gesi inayotoka ardhini, ataelewa mantiki hii: kaboni daioksidi imo katika kila pumzi, lakini huua pale inapojikusanya bondeni. Hatari iko kwenye kiasi.

Umbali nao una kazi. Ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye antena, nguvu ya mawimbi hubaki robo. Simu yenyewe, mtandao ukiwa dhaifu, huongeza nguvu ili isikike. Mjamzito anayetaka tahadhari aiweke mbali na tumbo na atumie spika. Kuhama nyumba hakuhitajiki.

Somo kubwa la panya wale ni joto, na joto linalowatesa wajawazito wa Kivu mara nyingi linatoka kwenye malaria. Vimelea hujazana kwenye kondo la nyuma, mama hupungukiwa damu, mimba huweza kutoka, au mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Kinga ipo: chandarua chenye dawa, na vidonge vya SP vinavyotolewa kwenye kliniki ya wajawazito (CPN) kuanzia miezi mitatu ya kati ya mimba. Anayemkataza mjamzito kushika simu kwa kumpenda, basi amsindikize kituo cha afya siku ileile homa inapoanza.