Gari la Matangi Mawili

Mwenzetu mmoja chamani aliniuliza: gari lenye matangi mawili ya petroli linawezaje kuzima njiani kama lililokauka? Akacheka. Mimi sikucheka, kwa maana muhula uliopita ami yangu alikwama mwituni, kati ya hapa Isecheno na Shinyalu, saa mbili usiku, akiwa amembeba mgonjwa. Kipimo kilionyesha nusu tangi. Mgonjwa alifikishwa Kakamega kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mkewe.

Kesho yake fundi alisema, "Mzee, pampu imekwisha." Pesa za bonasi ya majani chai zikanunua pampu mpya, na karo yangu ikangoja. Siku ya nne gari likazima tena!

Gari lenyewe ni pikapu aina ya Land Rover Series III, yale yaliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Tangi moja liko chini ya kiti cha dereva, la pili chini ya kiti cha abiria. Kila tangi lina paipu yake mpaka kwenye koki ya kuchagulia. Baada ya koki paipu ni moja tu, hadi kwenye pampu na kabureta.

Basi hapo ndipo penye siri. Pampu na kabureta ni za matangi yote mawili. Gari likienda vizuri kwa tangi moja na kuzima kwa jingine, usiiguse pampu; ubaya uko kati ya lile tangi na koki. Likizima kwa yote mawili, hapo unaweza kuishuku pampu, au kile kikombe chake cha kioo kinachonasa uchafu.

Ami hakuwa amefanya jaribio hilo kwa sababu tangi la pili alizoea kuliacha tupu. Petroli ni ghali, bwana! Tulitia lita kumi humo, tukageuza koki, gari likaenda Khayega na kurudi bila kukohoa hata mara moja. Pampu ikaonekana haina hatia.

Tukarudi kwenye tangi la kwanza. Tulianza na kifuniko. Tundu lake la kupumulia likiziba, hewa haiingii, na pampu hushindwa kuvuta; ukikifungua utasikia "fyuuu", kisha gari litawaka. Hatukusikia kitu. Tukafungua nati ya chini na kukinga petroli kidogo kwenye chupa. Maji hukaa chini ya petroli, utayaona yamejitenga. Hapa kwetu, penye mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, hilo si ajabu. Chupa ilikuwa safi, ila chembe za kutu. Mpira nao tuliukagua, kwani ufa mdogo huvuta hewa bila kudondosha hata tone.

Mwishowe ami akakumbuka jambo: gari halikuwahi kuzima tangi likiwa limejaa! Tukaichomoa paipu ya ndani, na lo! Kutu ilikuwa imeitoboa katikati. Petroli ikiwa juu ya tundu, gari huenda. Ikishuka chini yake, pampu hunyonya hewa. Kipimo hakikudanganya, nusu tangi ilikuwepo, ila haikufikika.

Wenye magari ya dizeli wana shida nyingine. Dizeli inayobaki hurudishwa tangini, na lazima irudi kwenye tangi ilikotoka. Swichi ikiharibika, moja litakauka huku jingine likifurika hadi barabarani.

Tahadhari moja: msinyonye petroli kwa mdomo na mpira kama wafanyavyo wengi. Ikiingia mapafuni inaweza kuua. Aliyeimeza naye asitapishwe, apelekwe hospitali. Na taa ya koroboi isikaribie kazi hiyo.

Paipu ilichomelewa nje, mbali na tangi, kwa bei ndogo mno kuliko ya pampu. Siku hizi ami hutia petroli kwenye matangi yote mawili na kugeuza koki kila Jumatatu. Ile pampu ya zamani, iliyokuwa nzima siku zote, bado iko chini ya kitanda chake.